Nyundo Moja kwenye Msumari wa Jirani

Mashine ya posho ya jirani yangu haikuwahi kunyamaza kwa siku mbili mfululizo, na hicho ndicho nilichomwonea wivu kuliko kitu kingine chochote alicho nacho. Si mabati yake mapya wala ng'ombe wake wa maziwa. Ni sauti. Soko letu hapa Giakanja ni dogo, yeye yuko upande wa juu wa barabara na mimi upande wa chini, na ukisimama katikati unasikia mashine zote mbili. Yangu ikivunjika kitu na kunyamaza, yake inasikika mara mbili. Wateja wangu wanavuka na magunia yao wakitazama chini, eti hawajaniona nimesimama mlangoni.

Nilitangulia mimi. Hilo nataka lijulikane mapema. Marehemu mume wangu aliinunua mashine yetu ikiwa kuukuu, kutoka shamba moja kubwa lililokuwa likiuza vitu vyake. Aliponiacha aliniachia hiyo mashine, kahawa kidogo, na fundi mmoja wa jua kali kule Nyeri mjini.

Asiyeijua mashine ya posho anadhani kuna mawe ndani yanasaga. Hapana. Ndani kuna nyundo, vipande bapa vya chuma vya urefu wa kiganja, vimening'inia kwenye pini. Mashine ikizunguka, vinayapiga mahindi mpaka yawe unga wa kupita kwenye chujio. Nyundo zinalika kama kwato za punda. Zikilika unabadilisha zote pamoja, na lazima zilingane urefu na uzito, la sivyo mashine inatetemeka kama mtu mwenye homa mpaka ijivunje yenyewe.

Sasa, fundi wangu alikuwa amezibadilisha zile pini akaweka nene, kwa sababu za kwanza zilikuwa zinapinda. Kwa hivyo matundu ya nyundo zangu yalikuwa makubwa kuliko ya mashine yoyote ya huku. Kipimo, cha tundu na cha urefu, hakikuandikwa popote. Kilikuwa kichwani mwake na kwenye kidole gumba chake cha kulia: tundu likiingia kidole mpaka pale ukucha unapoanza, hilo ndilo tundu la mashine yangu. Mimi niliishia darasa la tatu, sikuona ubaya wa kipimo kama hicho. Kidole cha mtu hakipotei kama karatasi.

Fundi huyo nilimtunza. Kila nikienda nilimbebea nduma, magimbi ya mtoni kwetu, na Krismasi jogoo. Na kila nikichukua nyundo mpya nilimrudishia za zamani zote, hata zile ambazo bado zilikuwa na nguvu kidogo. Nilimwambia ni adabu, chuma chake kirudi kwake. Adabu gani. Nilikuwa naogopa zikilala ovyo nyumbani fundi mwingine atazichukua anakili, halafu wengine wapate kama zangu.

Jirani yangu aliolewa huku mwaka mmoja na mimi. Tumebeba mawe ya kujenga kanisa pamoja, tumelia matangani kwake na kwangu. Hatukuwahi kukosana mpaka alipouza ng'ombe wawili akanunua mashine yake, akaiweka ng'ambo ya barabara, macho kwa macho na yangu.

Haikupita miezi mingi nikaenda kwa fundi wangu nikakuta nyundo moja mpya juu ya meza yake. Niliishika. Chuma changu nakijua.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya yule mama jirani yako," akasema. "Amekuja kuniomba nimtengenezee. Nimemkatia moja na kipimo yako, aende ajaribu."

"Fundi, umekula nduma zangu miaka mingapi?"

"Mingi, mama."

"Basi chagua. Ni mimi ama ni yeye. Njia mbili zilimshinda fisi."

Akacheka. Kisha akaniangalia usoni akaona mimi sicheki, akaacha.

"Sawa, mama," akasema. "Lakini hiyo moja nimeshamuahidi."

Jirani aliporudi kwa fundi aliambiwa chuma kimeisha. Alipewa hiyo moja, na hata haikumfaa, maana pini zake ni nyembamba na tundu langu ni kubwa. Nilimwona akishuka stendi na kiondo chake, na ndani ya kiondo najua kulikuwa na nyundo moja isiyo na kazi. Wacha niseme ukweli. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Ndipo akaanza kusafiri. Mara anaenda Chaka, mara Karatina, mara Nanyuki, kila wakati na kiondo cha nduma. Kule Chaka na Nanyuki ni kukavu, nduma ya huku kwetu Tetu ni kitu cha kupokewa kwa mikono miwili. Niliwaambia wateja, "Yule mama anazunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga." Walicheka kidogo, wakachukua unga wao.

Sikuelewa alichokuwa akifanya. Hakuwa na uwezo wa kununua nyundo nyingi za kuweka akiba. Alikuwa anaagiza nne kwa fundi wa Chaka, akarudi. Msimu mwingine nne Karatina. Hapa mkanda, pale chujio. Kwa akili yangu huo ulikuwa umaskini unaotembea. Kwa nini usinunue mahali pamoja ukajulikane? Sikujua kwamba yeye alikuwa anajulikana mahali patatu.

Niligundua siku ambayo chama chetu cha kina mama kilikutana kwenye mashine yake. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa na misumari. Kwenye kila msumari kulikuwa na kipande cha katoni kilichokatwa kwa umbo la kitu: nyundo, chujio, kifuniko. Urefu wa mkanda ulikuwa uzi wenye mafundo. Na kila kipande kilifungwa kitambaa: chekundu ni cha fundi wa Chaka, cha manjano Karatina, cha buluu Nanyuki. Yeye naye hakusoma zaidi yangu. Fundi yeyote alipewa umbo lile lile, na nyundo zikija alizipima mbili mbili kwenye mizani ya dukani ya kupimia sukari.

"Umeweka mapambo ya Krismasi?" nikamuuliza mbele ya wote.

"Ndio," akasema, akinimiminia chai. "Ya Krismasi ya kila siku."

Wanawake wakacheka, na safari hiyo hawakucheka na mimi. Nikageuza uso ukutani. Hapo pembeni, kwenye msumari wake peke yake, hapakuwa na katoni. Palikuwa na nyundo ya chuma, imeanza kutu. Ile ile. Nilikunywa chai ikiwa bado moto nikaondoka.

Miaka ikaenda. Watu wengi sasa wananunua unga wa pakiti, na mashine za posho zimebaki kusaga chakula cha kuku. Kilichoniweka hai ni shule moja ya bweni hapa karibu. Mahindi yao yalikuja kwangu kila muhula. Shule ikiondoka, mimi nafunga mlango. Hilo nililijua, na jirani alilijua, na mwenye stoo wa shule alilijua zaidi yetu sote.

Muhula huu uliopita, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, magunia yao yaliletwa Jumatatu. Unga ulitakiwa Jumamosi. Nilisaga gunia moja na nusu, nikasikia kishindo ndani. Nyundo moja ilikuwa imekatika, na nilipofungua nikaona nyingine zote zimelika zimekuwa kama vijiti. Sikushtuka. Nilimpigia fundi wangu. Akapokea mke wake.

"Hukusikia?" akasema. "Mzee amepooza upande wa kulia. Hata kuongea haongei."

Kesho yake nilienda kumwona. Alikuwa amekalishwa juani, blanketi magotini. Alinitambua. Nilimpa pole, nikamwekea nduma zake chini, kisha nikamtolea nyundo iliyolika, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimekuja kwa hiyo zaidi ya pole. Alielewa. Akainua mkono wa kushoto, akatenganisha vidole viwili kunionyesha urefu. Vidole vikatetemeka. Akajaribu tena, ukawa urefu mwingine. Akajaribu mara ya tatu. Kidole gumba cha kulia, kile cha kipimo, kilikuwa kimelala juu ya blanketi hakisogei.

Mke wake akasema, "Wacha, mama. Unamchosha."

Za zamani zote nilimrudishia akazigeuza vitu vingine; nyundo yangu nzima ilikuwa moja tu duniani, na nilijua iko kwenye msumari gani. Kuvuka barabara ni hatua arobaini hivi. Sikuvuka.

Jumatano nilienda Nyeri kwa fundi mwingine, kijana wa maneno mengi. Alichukua ile iliyolika akaongeza urefu kwa kukisia, akakata mpya zote. "Shosho, hii ni kazi ndogo," akasema, kama anayeongea na nyanya yake. Tulizifunga jioni ile ile. Mashine ilizunguka labda muda wa kusema Baba Yetu, nyundo zikagonga chujio likapasuka kutoka pembe hadi pembe. Alikuwa amezifanya ndefu. Chujio si shida, linauzwa dukani. Lakini nyundo huwezi kukisia mara mbili, ukikosea tena unavunja shafti.

Alhamisi nikapanda gari la Nanyuki. Nilikuwa nimesikia kwamba huko kuna mzee Mwislamu, mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe, mwenye malori yanayoenda Doldol kuleta mifugo. Barabara ile inavunja springi za malori, na chuma cha springi ndicho kinachotoa nyundo ngumu kuliko zote. Nilijiambia nikipata chuma kizuri, kipimo tutakitafuta.

Nilimkuta uani kwake, kofia kichwani, springi zimepangwa ukutani kama kuni.

"Karibu, mama. Umetoka wapi?"

"Giakanja."

"Giakanja!" Uso wake ukafunguka. "Basi umetumwa na bibi wa nduma. Hajambo?"

"Sijatumwa na mtu."

"Samahani. Yeye huja kila msimu. Hizi mbili hapa nimemwekea."

"Mbili tu?"

"Mbili tu, siku zote. Mwanzoni nilimcheka. Mama, mtu wa kununua nyingi namwona mara moja, na anataka nimpunguzie. Yule wa mbili mbili namwona kila msimu, tunakunywa chai, ananiuliza hali ya wake zangu. Springi nzuri ikitoka, nani nitamwekea?"

"Sasa mimi unaweza niuzia?"

"Chuma ninacho, nitakupa. Kipimo je?"

Nikamwonyesha ile iliyolika. Akaigeuza geuza, akanirudishia.

"Hii imekwisha. Lete moja nzima. Chuma bila kipimo ni mzigo tu."

Nililipa, nikabeba mzigo wangu. Nilishuka Chaka, nikamtafuta fundi wa kitambaa chekundu. Sikuuliza jina, niliuliza tu fundi anayeletewa nduma, na mtu wa kwanza akaninyooshea kidole. Huyo naye akasema vile vile: lete moja nzima, kesho mchana unazo zote. Juu ya dirisha lake nikaona katoni, imekatwa na mkono ninaoujua. Hata huko alikuwa ametundika.

Njia yote kurudi nyumbani nilikuwa nahesabu ni milango mingapi mwanamke huyu aliifungua kwa kiondo kimoja, na mimi miaka hiyo yote nilikuwa nimesimama kwenye mlango mmoja nikiuziba wengine wasiingie.

Nikavuka barabara.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akishona gunia, mashine inanguruma. Aliponiona aliizima. Alizima mashine yenye mahindi ndani, kwa ajili yangu, na mimi nikachukia hata hilo.

"Umetoka safari," akasema.

"Nanyuki."

"Yule mzee hajambo?"

"Hajambo. Amekuwekea mbili."

"Keti basi."

"Sikuja kuketi. Nimekuja kwa ile nyundo."

"Nyundo gani? Hapa ziko nyingi."

"Unaijua."

Akaweka gunia chini. "Nitakuuliza kitu kimoja, na unijibu ukiniangalia. Siku ile, fundi wako alikuwa hana chuma?"

Kuku wake walikuwa wanadonoa unga miguuni mwetu. Niliwaangalia kwanza.

"Niangalie mimi, wacha kuku."

"Alikuwa nacho," nikasema. "Ni mimi nilimkataza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa wangu."

"Ati wako. Fundi si bwana yako."

"Bwana sikumlinda hivyo."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikasimama pale kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Kisha akainuka akaenda kwenye ule msumari wa pembeni.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Chuma kilikuwa kimejaa nyuma ya mgongo wake, mimi si kipofu. Niliitundika hapa ili nikichoka na safari niiangalie nikasirike, nipate nguvu ya kwenda." Akaipangusa kutu na leso yake. "Sasa sijakasirika tena, miaka mingi. Ungeniachia huyo fundi wako, leo tungekuwa wawili tumenyamaza, wewe huko na mimi hapa, na shule ingepeleka mahindi mjini. Chukua."

Angenitukana ningelala vizuri.

Kabla sijafika mlangoni akaongeza, "Usimwachie fundi yeyote. Chora kwenye katoni kwanza, halafu ndio umpelekee. Hiyo ikipotea hakuna nyingine."

"Najua," nikasema. Sikuwa nimewaza hilo.

Jioni hiyo nilikata katoni nne kwa kisu cha jikoni, nikiwa nimeiweka nyundo juu yake kama mshonaji anavyoweka kitambaa. Ijumaa alfajiri nilipeleka katoni moja Chaka, na mchana nilikuwa na nyundo zangu, za chuma cha malori ya Doldol, na tulipozifunga mashine haikutetemeka. Nilisaga Ijumaa hiyo hadi giza likaingia, nikaendelea Jumamosi kutoka alfajiri. Mwenye stoo alipokuja akaingiza mkono kwenye unga akausugua kwa vidole.

"Shosho, nilisikia ati mashine yako imekufa."

"Ulisikia vibaya."

Akapakia, akaenda. Shule ikabaki kwangu.

Moja kati ya zile mpya nilimpelekea fundi wangu. Niliinua mkono wake wa kulia mwenyewe, nikaingiza kidole gumba kwenye tundu. Kiliingia mpaka pale ukucha unapoanza. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuweza kuniuliza imetengenezwa na nani, na mimi sikumwambia, maana hata kwa mtu asiyeongea nilikuwa bado naona aibu.

Siku hizi nami nasafiri. Nina fundi Chaka, na mwingine Karatina ambaye ni wangu mwenyewe, jirani hamjui, na mzee wa Nanyuki ananiwekea springi moja. Moja. Yeye bado anawekewa mbili. Nimejaribu nduma, nimejaribu hata mayai ya kienyeji. Anashukuru sana, anauliza hali ya bibi wa nduma.

Mwezi uliopita jirani alivuka barabara na rundo la katoni zake, nakala za kila kitu alicho nacho ukutani, vitambaa vikiwa vimefungwa tayari.

"Nitundikie kwako," akasema. "Kwangu kukiungua, nitaanzia wapi? Ukuta mmoja ni kama fundi mmoja. Na wewe nipe zako."

Nilimpa katoni ya nyundo yangu. Zake nikazitundika, ila msumari wake niliupiga chini kidogo ya ule wa katoni zangu. Alisimama pale akaona, akaniaga vizuri.

Kesho yake nikavuka, nikijifanya naazima nyuzi za gunia, ili nione amenitundika wapi. Katoni yangu ilikuwa juu kabisa, juu ya zake zote, na ameifunga kitambaa cheupe kipya. Nilirudi nyumbani nikashinda nimekasirika siku nzima. Mpaka leo sijui kama ni heshima aliyonipa au alikuwa ananirudishia kijembe. Na msumari wake sijaupandisha.